Sinema ya Ghala la Ngano

Shamba la Ngano Getabuk,
Hanang.
14 Februari 1982

Kwa dada yangu Benedikta,

Shikamoo dada. Naamini barua hii itakukuta na nguvu zako, na wagonjwa wako huko Haydom wanapata nafuu mikononi mwako. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima, isipokuwa kile kikohozi chake. Ng'ombe wamekonda kwa kiangazi lakini wapo. Mjomba Gidahosh anakusalimu, anasema siku ukija usisahau tumbaku yake.

Dada, sifungi magunia tena. Nina kazi nyingine. Yule Mzungu fundi wa kombaini amemaliza mkataba wake akarudi kwao, na kabla hajaondoka aliniachia mashine ya sinema pamoja na sanduku la filamu. Babu yake alikuwa na nyumba ya sinema huko kwao, zamani sana, kabla sinema hazijajua kusema. Ndiyo, hazisemi. Watu wanafungua midomo na hakuna kinachotoka. Siku ya kwanza nilidhani mashine imeharibika. Nilikuwa nikimsaidia kuzipangusa filamu vumbi, na alisema hajaona mtu mwingine anayezishika kama anashika yai. Ndiyo maana akaniachia mimi.

Sasa nikueleze nilichokiona. Kuna mbingu, lakini si mbingu, ni kitambaa kilichochorwa, na mikunjo yake unaiona kabisa. Nyota zinateremka, na katikati ya kila nyota ameketi msichana anapunga mkono. Bahari ni shuka tu, wapo watu chini yake wanaitikisa, na mmoja wao kisigino kimebaki nje. Samaki wa mbao anapita amefungwa kamba. Unajua kabisa kwamba ni uongo na bado moyo unaruka. Kuna shetani mwembamba mwenye suruali ya kubana. Akipiga mguu chini anageuka moshi. Na kuna ua kubwa kama mtungi wa pombe. Linafunguka polepole, halafu anatoka ndani yake mwanamke wa gauni la manjano.

Hizo rangi, dada! Zilipakwa kwa mkono. Mzungu alisema walikaa wanawake mezani na brashi nyembamba kama unywele, wakapaka picha moja baada ya nyingine. Kwa hiyo rangi haitulii. Manjano ya lile gauni inatetemeka, inamwagika pembeni kama maziwa yanayochemka, mwanamke akicheza inamkimbilia. Nimeuinua mkanda mbele ya dirisha nikamtafuta. Ni mdogo kuliko ukucha wangu na bado kuna mtu alimpaka gauni.

Nimegundua pia shetani anavyopotea. Katika picha moja amesimama, katika inayofuata kuna moshi tu, na kitambaa cha nyuma kimesogea kidogo. Walisimamisha mashine ya kupigia picha, yeye akaondoka, wakaiwasha tena. Basi! Ni hayo tu. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Bwana Hermani, afisa ustawi wa Shamba, ameniruhusu kuonyesha Jumamosi mchana katika ghala la pili, ambalo ni tupu mpaka mavuno. Tukifunga ule mlango wa bati giza linatosha, na jenereta linanguruma nje. Mimi nasimama kando ya shuka na kueleza kwa Kiswahili na kwa lugha yetu. Kwa kuwa wao hawasemi, lazima awepo wa kuwasemea.

Ni mimi mdogo wako,
Gidamis


Haydom,
9 Machi 1982

Mdogo wangu Gidamis,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Mimi sijambo, ni miguu tu inayovimba kwa kusimama. Mpe mama salamu zangu, na mjomba mwambie tumbaku atapata akiacha kutema mate ndani ya nyumba.

Nimewasomea wenzangu barua yako wakati wa chai. Natalia, tunayekaa naye chumba kimoja, anauliza wale wasichana wa kwenye nyota wanalipwa nini kwa kuning'inizwa juu namna hiyo. Mimi nakuuliza jingine: huyo mwanamke aliyekaa ndani ya ua akisubiri lifunguliwe, akibanwa na mkojo anakwenda wapi? Usinune. Nimefurahi. Tangu baba afe sijasikia kwamba umecheka peke yako.

Lakini kuna neno. Wagonjwa wanaotoka upande wa Basotu wanasema Shamba lenu linataka kulima mpaka bondeni kwetu, na kwamba vigingi vyekundu vimepigwa hadi karibu na bung'ed ya baba. Gidamis, wazee walijenga kaburi lile kwa miezi, tabaka juu ya tabaka, udongo na fito, na ukoo mzima ulikuwa pale. Hakuna mtu wa kulisogeza. Kwa kuwa siku hizi unaongea na huyo Hermani, muulize. Uniandikie anavyojibu.

Dada yako,
Benedikta


Shamba la Ngano Getabuk,
20 Aprili 1982

Dada Benedikta,

Shikamoo. Huku hatujambo, mvua imenyesha, natumaini na kwenu pia. Nimemuuliza Bwana Hermani. Amesema vigingi ni vya kupimia tu, na makaburi yanaheshimiwa. Alinishika bega akasema, "Wewe ni mtu wetu, ungejua mapema."

Sasa sikia habari. Mama alikuja! Alivaa sketi yake ya ngozi ya sherehe, akaketi mbele kabisa juu ya magunia matupu. Shetani alipotokea, mjomba Gidahosh alisimama na fimbo yake. Mama akamvuta shuka.

"Kaa chini. Huyo ana miguu ya mbuzi mgonjwa, atakufanya nini?"

Ghala zima lilicheka. Lakini ua lilipofunguka mama hakucheka. Alisema "Ee," akafunika mdomo. Tulipotoka nje akaniuliza:

"Gidamis, yule amezaliwa na nani?"

"Na ua, mama."

"Ana bahati. Amezaliwa na hakumuumiza mtu."

Kisha akasema anataka kumwona akirudi ndani. Unajua mama akitaka kitu. Jumamosi iliyofuata nikauzungusha mkanda kinyumenyume. Mwanamke akarudi ndani kwa mgongo, majani yakamfunika, na gauni likawa la mwisho kuingia, kama limesahaulika. Watu walipiga kelele mpaka bati likatetemeka. Mama alinipiga mgongoni kwa ngumi kwa furaha. Kikohozi kilimbana sana siku ile, lakini alikuwa anakohoa na kucheka.

Bwana Hermani alikuwa amesimama nyuma. Akasema, "Hawa watu wako wakiingia humu hawaondoki kabisa, eh?" Nikamwambia hawaondoki. Sasa amesema tarehe nane Mei niwaite watu wote wa bondeni, wazee, wanawake, watoto, asibaki mtu, na Shamba litatoa sukari kwa kila kaya wakati wa kutoka. Sukari, dada! Hata kwa ulanguzi Katesh haipatikani. Uombe ruhusa uje. Nitakuwekea nafasi karibu na mama.

Mdogo wako,
Gidamis


Haydom,
30 Aprili 1982

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba, natumaini hamjambo. Ruhusa sikupata. Surua imeingia na watoto wanalazwa wawili kitanda kimoja.

Naandika haraka kwa ajili ya mama. Kikohozi cha namna hiyo ninakijua. Vumbi la ngano linaingia kifuani na halitoki. Asiingie tena kwenye hilo ghala. Siku hiyo ya sukari nyote nendeni, yeye abaki nyumbani, anywe maji ya moto, alale. Mwambie nimesema mimi. Atakubishia. Muahidi kwamba utamwonyesha siku nyingine peke yake, mlango ukiwa wazi kidogo. Uhakikishe, Gidamis. Nakutegemea wewe.

Dada yako,
Benedikta


Haydom,
11 Mei 1982

Gidamis,

Hujambo? Kama hujambo, niambie imekuwaje.

Jumapili lori la ngano lilisimama getini na mama alikuwa juu yake, amelala kwenye turubai. Mgongo wote umeungua, na miguu. Nyonga imevunjika. Dereva, kijana anayeitwa Patriki, alimshusha bila kuzima injini. Nikamuuliza kuna nini, akasema, "Nyumba imewaka." Nikamwambia nyumba haiwaki yenyewe. Akapanda lori akaondoka.

Mama hasemi mengi. Anasema alikuwa amelala. Anauliza kama umekula.

Andika. Leo hii.

Dada yako


Shamba la Ngano Getabuk,
2 Juni 1982

Dada Benedikta,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Nisamehe kuchelewa. Kila nilipoanza kuandika nilichana.

Siku ile nilimwambia mama kama ulivyoagiza. Alibisha, akalia kama mtoto. Akasema, "Benedikta anajua kikohozi, hajui ua." Nikamlaza, nikamfunika, nikaenda.

Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya mzani wa magunia. Hermani alinivuta kando kabla ya kuanza. Akasema, "Leo usiwaachie mpaka nije kufungua mimi mwenyewe. Ukimaliza, rudia." Nikadhani sukari haijafika. Dada, sijawahi kueleza vizuri kama siku ile. Walikuwa wanacheka kabla sijafungua mdomo. Nilionyesha nyota, nikaonyesha bahari, nikaonyesha ua, wakalidai tena. Nikamrudisha mwanamke ndani, nikamtoa, nikamrudisha. Nje waliwasha majenereta mawili badala ya moja. Hatukusikia kitu.

Mlango ulipofunguliwa mwanga ulituuma macho. Tuliona ukungu tukadhani ni vumbi. Ilikuwa moshi.

Na sukari ilitolewa. Walikuwa wamesimama mlangoni na mizani ndogo wakitupimia huku moshi unapanda nyuma yao. Wengine waliipokea, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshanyooshwa.

Nyumba za bonde zima zimechomwa. Matrekta yalikuwa yameshamaliza, yanarudi kwa mstari, na udongo ulikuwa umepinduka mwekundu kutoka korongo hadi korongo. Bung'ed ya baba wameipita na majembe ya diski kama mtu anavyopita kichuguu cha mchwa. Mjomba Gidahosh alipiga magoti akawa anaokota zile fito, anazikusanya mkononi kama kuni. Mama tulimkuta nyuma ya mlango, paa limemwangukia. Walipochoma hawakuita. Patriki ameniambia madereva na askari wa Shamba waliambiwa kwamba watu wote wako sinema, hakuna haja ya kuangalia ndani. Ndiye aliyechukua lori bila ruhusa kumleta kwako. Amefukuzwa kazi.

Sikujua, dada. Nakuapia kwa baba ambaye hana kaburi.

Lakini kuna jambo moja limekaa hapa kooni. Angekuja ghalani angekuwa mzima. Wewe ndiye uliyesema abaki. Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa sababu siwezi kulibeba peke yangu.

Mdogo wako,
Gidamis


Haydom,
15 Juni 1982

Gidamis,

Mimi sijambo. Mama hajambo, kwa kadiri ya mtu ambaye kila asubuhi ngozi yake inabaki kwenye shuka.

Umesema niliagiza abaki. Niliagiza. Nilimwagiza mgonjwa alale katika nyumba yake. Sikujua kwamba ndugu yangu ameajiriwa kuwakusanya watu kwa nyota za kitambaa ili nyumba zao zichomwe. Ukitaka tugawane, hayo ndiyo mafungu. Chukua lako.

Unajua mama anafanya nini? Anawasimulia wanawake wa wodini sinema yako. Amelala kifudifudi, hawezi kugeuka, na anaonyesha kwa vidole jinsi ua linavyofunguka. Mwanamke wa kitanda cha pili, Juliana, aliyefiwa na mtoto kwa surua, jana alicheka kwa mara ya kwanza. Mama anamwambia manjano ile inamwagika pembeni. Anasema, "Subiri, mwanangu Gidamis anakuja na mashine, utaona mwenyewe." Halafu ananiuliza mimi unakuja lini. Hamlaumu mtu. Anadhani moto ulikuwa moto tu. Kila ninapombadilisha bandeji neno lenyewe liko mdomoni mwangu, na sijui kwa nini bado silisemi. Ningetamani aichukie ile sinema kabla hajafa. Haichukii.

Usije. Wodini na uani wapo watu wa bondeni kwetu wanaouguza, na mmoja wao amesema mbele yangu atakachokufanya akikuona. Sitamzuia.

Na jambo la mwisho. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba umeacha kazi. Sikupaona.

Benedikta


Shamba la Ngano Getabuk,
10 Agosti 1982

Dada Benedikta,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mama vipi? Kidonda kimeanza kukauka? Anakaa?

Mwezi uliopita nilikuja. Nilipanda basi pamoja na wagonjwa, nikafika mpaka getini. Niliona nguo zimeanikwa na madirisha ya wodi, nikawa nakisia lipi ni la mama. Nikakumbuka ulivyosema. Nikaacha chupa ya asali kwa mlinzi nikarudi na basi lile lile. Kama asali ilifika, mwambie ni ya nyuki wa mlimani, ile aipendayo.

Ni kweli, sijaacha kazi. Mjomba Gidahosh na wake zake wamepiga maturubai Masakta kwa shemeji zake, na unga wanaokula ni wa mshahara wangu, ingawa hajui, maana angeumwaga. Hiyo ni sababu moja. Ukinichukia, unichukie kwa ukweli wote: siwezi kuziacha filamu. Nikizima taa na zile nyota zikaanza kushuka, wasichana wakapunga mikono, kwa muda ule mimi ni mtu ambaye bado hajafanya kitu.

Sasa Hermani amesema nifunge mashine, tunakwenda Masakta. Ghala la kijiji, watu wote, sukari wakati wa kutoka. Alisema huku anachokonoa meno. Safari hii nimeelewa, dada, na sitanyamaza. Hermani haijui lugha yetu hata salamu. Shetani akifungua mdomo, maneno yatakayotoka yatakuwa yangu.

Nijibu hata mstari mmoja kuhusu mama.

Mdogo wako,
Gidamis


Mahabusu, Mbulu,
3 Oktoba 1982

Dada Benedikta,

Shikamoo. Mwandiko huu si wangu, ni wa mwenzangu wa humu ndani, Nicodemo, mwalimu wa zamani. Mimi nasema, yeye anaandika. Mikono yangu imefungwa bandeji. Afya si mbaya. Hukunijibu, lakini naamini mama anaendelea vizuri, kwa kuwa kama kungekuwa na baya ungeniambia.

Nilifanya kama nilivyokuandikia. Ghala la Masakta lilijaa. Mlango ulifungwa kwa komeo la nje, kama kawaida, ili mwanga usiingie. Shetani alipotokea nikasema kwa lugha yetu, "Huyu anawaambia hivi: mkimtazama yeye, matrekta yanaingia kwenu. Tokeni." Walicheka. Walidhani ni sehemu ya hadithi. Nikasema tena, kwa jina la baba yangu Gidabuday. Ndipo mjomba Gidahosh akasimama katikati yao, akasema, "Bondeni ilikuwa hivi hivi." Yeye walimwamini.

Watu wote walisukumana kwenye mlango mmoja. Mashine ikaangushwa, taa ikagusa mkanda. Filamu hizi za kale, dada, zinawaka kama petroli, hata maji hayazizimi, Mzungu aliniambia. Moto ulikuwa mweupe. Na nikueleze nilichofanya, kwa kuwa Nicodemo ameuliza kama aandike hivyo na nimesema ndiyo. Nilinyoosha mikono kwenye moto kuutoa mkanda wa ua. Sikumshika mtu, nilishika mkanda. Nyuma yangu walikuwa wanamkanyaga mjomba, yeye alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Nilisikia akiniita jina nikadhani atasubiri.

Mlango uling'oka. Watu walikimbia mpaka kwao, na wakakuta nyumba zimesimama. Kuku wanadonoa. Mbuzi wamelala kivulini. Hapakuwa na trekta hata moja, dada. Hermani alikuwa ameketi kando ya lori na magunia ya sukari, anasubiri kugawa. Siku ile ilikuwa sinema tu.

Mjomba alikufa pale pale, na mke wa shemeji yake pia. Shamba limenishtaki kwa uchochezi na kuua. Wiki mbili baadaye matrekta yalikwenda Masakta kweli, na askari mbele, kwa kuwa watu wa pale sasa wanaitwa wakorofi waliovamia mali ya umma. Wazee walikuja kuniona. Mzee Akonaay, mkwe wa mjomba, alizungumza kwa niaba yao. Akasema hawajui wanilaani kwa lipi, kwa kunyamaza bondeni au kwa kusema Masakta. Wakaondoka bila kuniaga.

Mwambie mama niko salama, niko safarini na mashine. Usimwambie habari za mjomba, moyo wake hautaweza. Nikitoka nitakuja nimwombe msamaha, hata kama wale watu watanisubiri getini.

Mdogo wako anayekupenda,
Gidamis


Haydom,
28 Oktoba 1982

Gidamis,

Sijambo. Pole kwa mikono.

Mama amekufa. Alikufa Julai, kabla hujaandika ile barua ya Masakta. Tumemzika hapa Haydom, mahali pa udongo laini, na waliobeba jeneza ni wafanyakazi wenzangu na Juliana. Nisingekuambia, lakini wewe unaniagiza nimpelekee maneno na mimi sina mahali pa kuyapeleka.

Siku ile uliyokuja getini nilikuona. Nilikuwa dirishani, nina beseni mkononi. Nilikuona ukihesabu madirisha. Mama alikuwa hai nyuma yangu, amelala, na mara ngapi siku ile alikuwa ameshaniuliza unakuja lini, sijui. Ningefungua dirisha nikaita jina lako ungesikia. Nilisimama mpaka basi lilipogeuza. Asali tuliinywa kwenye chai, mimi na Natalia. Mama hakuionja.

Jioni nikambadilisha bandeji. Akauliza tena. "Gidamis na mashine yake, wamefika wapi?" Nikamwambia Gidamis amekufa. Nilitaka aache kukuita. Ilikuwa ni hilo tu, nimechoka kusikia jina lako likiitwa kwa upole ule. Hakupiga kelele. Aliniuliza umezikwa wapi. Nikasema bondeni, kando ya baba. Akasema, "Vizuri, mvua ikinyesha watasikia pamoja." Juliana alipomwomba amsimulie habari za ua, alimwambia amesahau. Uji aliukataa asubuhi iliyofuata, na maji akayakataa. Nilijaribu kwa kijiko, nikajaribu kwa kidole. Alikuwa anafumba midomo kama mtoto. Ningeweza kumwambia wakati ule kwamba nimedanganya. Nilidhani bado kuna kesho. Hakuifikia Jumapili iliyofuata.

Mjomba naye sasa amekwenda, kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kutuamua. Nicodemo, kama ni wewe unayemsomea, msomee yote, usiruke.

Ukifungwa, fungwa. Ukiachiwa, nenda unakokujua, lakini usije Haydom. Usiku ule mama alikulilia mpaka sauti ikakauka, na mimi niliyejua uko hai nilikaa pembeni ya kitanda nikalia naye, na haikuwa kuigiza. Msiba wako umeshapita. Sina machozi ya kuuanza upya.

Benedikta